Sahani Chini ya Kidevu

Mke wangu Severa alioka hostia, ile mikate ya komunyo, za kigango chetu cha Gerezani kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema neno wakati chuma cha kuokea kimefungwa juu ya mkaa. Umsemeshe, hajibu. Umwambie ubwabwa unaungua uani, na uungue. Atangoja, atafungua, atautoa ule mkate mpana mwembamba kama ganda la kitunguu, atauweka juu ya kitambaa, ndipo ageuke aniulize, "Ulikuwa unasemaje?"

Mimi nilikuwa nacheka. Nilimwambia, mama, hapo pana ngano na maji na mkaa, hakuna kingine. Akanijibu kweli, ngano na maji, na ole wake atakayetia kitu cha tatu, maana siku hiyo padre atakuwa anayasema maneno ya Bwana juu ya chapati.

Alifariki mwaka wa themanini na moja, mwezi wa saba. Homa ilianza, ikashuka kifuani. Nilikwenda kwa balozi wetu wa chama wa nyumba kumi, Ndugu Polycarp, aniandikie barua tupate gari, akaniambia ningoje kikao kiishe. Kikao kiliisha saa kumi alasiri. Hospitalini wakanipa karatasi ya vitu vya kununua, na kila duka la dawa nililoingia mtu alitikisa kichwa kabla sijamaliza kusoma. Severa akafia sakafuni, juu ya mkeka tuliotoka nao nyumbani. Padre Leodegar alikuwa safarini kwenye mikutano yao, akazikwa na katekista. Basi nikawaweka watatu hao kifuani: chama, hospitali, kanisa. Wote wana ofisi, wote wana mihuri, na siku niliyowahitaji hakuonekana hata mmoja. Nikaacha kusali. Nilikuwa nimeshastaafu karakana ya reli, sina mtoto Dar es Salaam, nikawa nakaa barazani Mtaa wa Sikukuu, namsema kila mkubwa anayepita na wale wasiopita pia.

Kile chuma nilikifunga kwenye khanga yake ya mwisho nikakisukuma chini ya kitanda. Ni chuma kizito, bamba mbili zenye mishikio mirefu kama koleo la mhunzi. Alipewa na masista wa kwetu Songea tulipokuja mjini. Ndani kimechorwa duara mbili kubwa za padre na tisa ndogo za watu, kila moja ina msalaba.

Mwaka wa themanini na tatu ndio ule wa msako wa walanguzi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, ngano ukiipata unashukuru kama umefufuliwa. Watu walifukia mali mashimoni. Ukionekana na kifuko cha unga mkononi unaulizwa umekitoa wapi, na ukijibu umekitoa kwenye foleni unaulizwa foleni ipi. Masista waliokuwa wanaoka hostia kwa mashine ya umeme, mashine yao ikaungua, na kipuri hakipatikani kwa sababu pesa za kigeni hakuna. Parokia ikagawa akiba yake mpaka ikaisha. Sisi wa kigango tukawa wa mwisho kupewa na wa kwanza kukosa, kama kawaida.

Nasema sisi, lakini habari hiyo mimi niliisikia barazani tu. Mwezi wa tano, siku ya Jumatano kabla ya Pentekoste, akaja Klara, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mshonaji wa Mtaa wa Mkunguni. Alikuwa amekumbatia kitu ndani ya khanga kama mtu aliyeiba mtoto.

"Tumsifu Yesu Kristu, Baba Tarsis."

"Karibu," nikamwambia. Ile Milele Amina ya kumwitikia sikuitoa.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akafunua. Bakuli la unga wa ngano, vikombe viwili hivi. Akanieleza kwamba ni Jumapili ya tatu sasa watu wanasali bila kupokea, wanarudi nyumbani kama walioalikwa karamu wakakuta sufuria zimefunikwa. Basi amezunguka kwa wanajumuiya mmoja mmoja. Aliyepata ngano duka la kaya ametoa nusu kikombe, mwingine robo, mwingine konzi moja.

"Bibi Benedikta wa Ilala ametoa kijiko. Kijiko kimoja, Baba Tarsis. Nikamwambia abaki nacho, akanifukuza."

Nikauliza mimi nahusika wapi. Akasema chuma. Nikamwambia chuma cha Severa hakiguswi na mikono mingine. Akasema basi kiguswe na yangu, kwani si nilikuwa namwona akifanya? Nikamwambia padre wake alipokuwa anahitajika kaburini hakuja, sasa yeye akihitaji hostia mimi ndiye niende?  Klara aliliweka bakuli juu ya meza, akajifunga khanga yake, akasema watu ni mia na arobaini na kidogo, na zikibaki zitasaidia mpaka mwezi wa saba. Akaondoka. Ndivyo wanawake wa jumuiya walivyo, wanakuachia kitu mezani kisha wanakwenda zao.

Nilikaa na lile bakuli siku mbili. Ijumaa mchana nikawasha mkaa.

Nilianza na konzi moja tu, nijaribu. Nikakoroga na maji mpaka ukawa uji mwepesi, nikapaka chuma nta ya nyuki kidogo kama alivyokuwa akipaka, nikamimina upawa mmoja, nikafunga. Mvuke ukalia pembeni, ukanyamaza. Nikageuza. Nikasubiri. Nilipofungua, ule mkate ulitoka mzima, rangi ya majani makavu, umekauka kabisa. Nikauinua kwa vidole viwili kuelekea dirishani nione kama una tundu.

Mwanga ukapita ndani yake. Ile misalaba kumi na mmoja ikasimama kwenye mwanga, myembamba, kama iliandikwa hewani.  Ndipo nilipogundua kwamba tangu nilipofunga chuma sikuwa nimekohoa, sikuwa nimepiga mluzi, sikuwa nimemlaani mtu yeyote. Mimi, ambaye hata usingizini nalaumu. Chumba kizima kilikuwa kimya kama kuna mgeni ameingia nikasahau kumpa kiti.

Basi nikakasirika. Sijui kama mtu mwingine atanielewa. Nilikasirika kwa kushikwa. Nilijiambia, hivi ndivyo walivyomshika Severa miaka kumi na mmoja, akawachomea mikate kwa mkaa wake, na alipolala sakafuni hapakuwa na hata mmoja. Nikatazama lile bakuli. Nikajiambia wenye duka la kaya wanakula, wenye gari wanakula, wenye mihuri wanakula. Na mimi nile.

Nikatoka uani nikamwomba jirani yangu Bi Mgeni unga wa muhogo vikombe viwili. Huyo ni mama wa Kizaramo, mwenye ulimi lakini hana choyo, akanipa bila kuuliza. Nikachota karibu ngano yote, nikabakiza kikombe kisichojaa nusu, nikakichanganya na muhogo ule, nikachoma mikate mpaka jua lilipopungua. Ile ngano niliyochota nikaikanda chapati.

Nilifunga mlango na dirisha. Harufu ya chapati mwaka ule ingekusanya nyumba nzima, vyumba sita vyote. Nikala tatu, peke yangu, jasho linanitiririka mpaka kwenye kidevu, natafuna polepole nisisikike. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Nilijiambia Padre Leodegar na aseme maneno yake juu ya muhogo, na atakapoinua mikono nitakuwa nimekaa pale pale namtazama.

Asubuhi yake Bi Mgeni alinikuta nanawa uso. "Mzee Tarsis, jana chumbani kwako kulikuwa na harusi?"

Nikamwambia nilikuwa naoka vitu vya kanisa.

"Ala. Siku hizi vitu vya kanisa vinanukia mafuta?"

Akaenda zake anacheka. Jumamosi hiyo nilikata hostia zote kwa kikatio cha bomba la shaba. Za muhogo zilikuwa nyeupe kama chaki na pembeni zinamomonyoka. Zile chache za ngano tupu, za ule mkate wa kwanza, mbili kubwa na tisa ndogo, nikazipanga juu kabisa ya mkebe, kama wauza nyanya wa Kariakoo wanavyopanga nzuri juu na zilizooza chini. Klara alipokuja alifunua, akaziona hizo za juu, akafunika upesi kama aliyefunua kitu asichostahili. Hakusema asante. Alipiga goti kidogo mbele ya ule mkebe, chumbani kwangu, kati ya ndoo na kitanda.

Nilitaka kumwambia hazijabarikiwa bado, unapigia goti nini. 

Jumapili nikavaa suruali yangu nzuri nikaenda. Kigango chetu kilikuwa bohari la zamani kwenye eneo la reli, kuta za mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, benchi tumezipanga wenyewe. Nilifika saa moja kasoro nikidhani nitapata nafasi ya nyuma. Watu walikuwa wamekwisha jaa. Walikuwa nje mpaka kwenye reli zenye kutu. Nguo zao zilifuliwa kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni hakuna, kwa hiyo weupe wote ulikuwa na ukijani kidogo, lakini zimenyooshwa, kila mkunjo uko mahali pake. Hawakuwa wanapiga soga. Umati wa watu wa Dar es Salaam, na hawapigi soga. Ungesema wamesikia kuna mtu anashuka kwenye treni.

Polycarp balozi alikuwepo, amevaa shati la kijani la chama, amesimama peke yake. Sikumwamkia.

Bibi Benedikta alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mlango. Ametembea kutoka Ilala na fimbo mbili, na macho yake yana utando, anaona kivuli tu. Mtu akamwambia Tarsis amefika, yule aliyeoka. Akaniita. Nikaenda, nikainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete mikono."

Nikadhani anataka kuinuliwa. Nikampa. Akaishika yote miwili, akaigeuza viganja juu, akainamisha kichwa akaweka paji la uso ndani ya viganja vyangu. Akabaki hivyo. Ngozi ya paji lake ilikuwa ya moto na laini kama karatasi ya zamani. 

"Mikono hii imemwandalia Bwana mahali," akasema. "Kijiko changu kiliingia?"

Nikasema kiliingia.

Ulikuwa uongo. Kijiko chake kilikuwa tumboni mwangu. Na pale nilipoinama, mikono yangu imeshikwa na mtu asiyeona, nikaona mimi vizuri kuliko nilivyowahi kuona tangu Severa afe. Nilipewa unga wa watu niutunze. Nikajipakulia kwanza. Wale ninaowasema barazani kila siku kutwa wanafanya nini kingine? Tofauti yangu nao ilikuwa muhuri tu. Sikuwa na muhuri.

Nikazunguka nyuma nikaingia sakristia. Ni kichumba cha mbao cha padre kuvalia, alichopigilia katekista. Padre Leodegar alikuwa anafunga mshipi. Amepungua, padre, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nikamwambia hostia zile asizitumie. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, muhogo, chapati, na namna nilivyopanga nzuri juu. Nilisema kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyekula.

Akaacha kufunga mshipi. "Unaungama au unanipa habari?"

"Nakupa habari. Kuungama sijajiandaa."

Akakaa juu ya sanduku la nguo. Alifikiri kidogo, kisha akasema kama ningeungama angelazimika kufunga mdomo na kuhangaika peke yake, lakini habari si mali yake. Ni ya wenye unga. Nao wako pale nje ya pazia.

Sikutaka kusikia hilo. Nikamtupia lile lililonikaa miaka miwili. Nikamwambia na yeye hakuja kumzika mke wangu.

"Sikuja," akasema.

Nikangoja aongeze. Gari, barabara, askofu, mkutano. Nilikuwa na majibu ya kila kisingizio, nimeyanoa miaka miwili. Hakuongeza kitu. Alinitazama tu, macho yamejaa, hakuyafuta. Nikawa kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta haukufungwa.

Baadaye akaninyooshea mkebe. "Nichagulie za kweli. Mimi siwezi kuzitofautisha, wewe unaweza."

Nikachagua. Mbili kubwa, tisa ndogo. Zilikaa zote kwenye kiganja kimoja na nafasi ikabaki.

Misa ilianza bila mkebe ule. Nilisimama kando ya ukuta wa mabati wakati wa masomo, na sikusikia hata neno. Padre alipomaliza kuhubiri alisema kuna mtu ana habari ya kuwapa wanajumuiya, akarudi akakaa. Akaniachia sakafu yote ile.

Nikaenda mbele. Nilikuwa nimeona watu wakipanda jukwaa maisha yangu yote, viongozi, makatibu, na nilikuwa najua namna wanavyoanza: kwanza hali ya nchi, halafu hali ya hewa, kosa linakuja mwisho likiwa limechoka. Nikasema, "Unga wenu nimeula. Ninyi mmetoa ngano, mimi nimewaokea muhogo, ngano nikapika chapati. Za kweli zimebaki kumi na moja. Jina langu mnalijua."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia bati likilia kwa joto la jua. Nikaona Klara ameinamisha kichwa, mabega yake yameanguka, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikajua hawa watu wanaweza kunitoa nje, nao watakuwa na haki.

Sauti ya Bibi Benedikta ikatoka benchi la mbele, nyembamba. "Chapati zilikuwa tamu?"

Nikasema, "Zilikuwa tamu, Bibi."

"Afadhali. Ingekuwa mbaya zaidi kama zingekuwa chungu pia."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Kisha kanisa zima, kicheko kidogo cha watu wenye njaa, kinapita kama upepo kwenye majani, kikaisha. Klara akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema kumi na moja ni nyingi kuliko Jumapili tatu zilizopita, na padre avunje. Akakaa. Hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu, sikujua niweke wapi miguu.

Padre alipoyasema yale maneno juu ya zile kumi na moja, nilipiga magoti pale nilipokuwa, kwenye saruji. Alipoinua ile kubwa, mlango wa mashariki ulikuwa wazi na jua lilikuwa limefika mlangoni. Mwanga ukapita ndani yake kama nilivyouona chumbani, lakini chumbani nilikuwa peke yangu nikaweza kukasirika. Hapa watu mia na arobaini waliinamisha vichwa kwa pamoja, na sauti ya kuinama kwao, nguo na magoti na pumzi, ilikuwa kama kitu kikubwa sana kimekaa chini katikati yetu taratibu ili kisitushtue. Sikukasirika tena. Niliogopa, lakini si ile hofu ya kukimbia. Ni ile ya mtoto anayeshika kitu cha watu kisichotakiwa kuanguka.

Alivunja kwa muda mrefu. Tulimsikia akivunja. Vipande, vipande vya vipande, mpaka vikawa kama punje za mchele. Kisha akanitazama akanionyesha kwa kidevu sahani ya komunyo, ile ya shaba yenye mkono wa mbao, ambayo hushikwa chini ya kidevu cha anayepokea ili kisianguke kitu chini. Kawaida huishika katekista. Padre akamwambia katekista akae.

Nikamnong'oneza kwamba mimi sijaungama, siwezi kupokea. Akasema hajaniambia nipokee. Ameniambia nishike.

Basi nikashika. Na niseme kweli, miaka yote niliyosali nilikuwa nakaa nyuma, naona migongo. Sikujua watu wanafanya nini wakifika kule mbele. Nilidhani wanafungua mdomo, basi.

Wa kwanza alikuwa Bibi Benedikta. Aliinua uso wenye utando, akafungua mdomo usio na jino hata moja, na mdomo ule ulikuwa wazi kama wa kinda. "Mwili wa Kristu." "Amina." Ile Amina ilitoka na pumzi, pumzi ikagusa shaba, ikaacha ukungu mdogo mviringo. Nikautazama ukungu ule ukififia. Kabla haujaisha akaja mwingine, Amina yake ikaweka wake mahali pale pale.

Wakaja mmoja mmoja. Sikuwahi kuona watu hivi. Kuli wa bandari mwenye kovu la ndoano shavuni, midomo inamtetemeka kama ya bibi harusi. Mama mmoja aliyekuwa akinuka moshi wa kuni, machozi yakaanguka moja kwa moja kwenye sahani, tap, nikayabeba. Vijana, vikongwe, watu niliosukumana nao kwenye foleni za sukari, watu niliowatukana kwenye foleni za sukari. Mtu akifumba macho na kuinua kidevu namna ile, hana cheo. Shingo yake iko wazi mbele yako. Unaweza kumfanya lolote. Na Mungu akaingia humo, katika midomo hiyo mikavu isiyokunywa chai, akiwa mdogo kama punje, mdogo kuliko alivyopaswa kuwa kwa sababu ya tumbo langu mimi, na hakukataa kuwa mdogo. Hilo ndilo lililonivunja. Sisi tunapigania kuwa wakubwa. Yeye alikubali kuvunjwa tena na tena ili atoshe.

Polycarp akafika.

Nilimwona tangu akiwa bado watu watano nyuma kwenye mstari.  Nikawaza kile kikao, saa kumi, Severa anapumua kama msumeno. Akasimama mbele yangu, akanitazama kwanza mimi kabla ya padre, na akajua ninachowaza, maana uso wake ulibadilika. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, nyembe hazipatikani hata kwa balozi. Kola ya shati la chama ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi. Akafumba macho. Akainua kidevu.

Sikumsamehe pale, nisiongope. Lakini nilipeleka sahani. Niliipeleka karibu kuliko nilivyofanya kwa wengine, mpaka ikagusa ngozi ya koo lake, nikahisi anavyomeza mate kwa woga. Nikajikuta natamani kisianguke. Kipande chake, cha Polycarp, nilitamani kwa moyo wote kisianguke. "Amina," akasema, na ukungu wake ukakaa kwenye shaba sawasawa na wa Bibi Benedikta. Nilitafuta tofauti. Haikuwepo.

Mwishoni padre alikuwa anavunja kwa ukucha. Wale wa mwisho sikuona wamepewa nini, nilijua tu kipo kwa jinsi vidole vyake vilivyobana. Klara alijiweka mwisho kabisa kama kawaida ya wenye kazi. Alipopokea alifungua macho, akaniona nimeshika sahani chini yake, akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemwitikia mwenzake kazini.

Hakuna aliyeimba. Mwimbishaji alisahau. Watu wote walikuwa wamepiga magoti kwenye saruji na bohari lile lilikuwa limejaa kimya mpaka kwenye mabati. Padre akakusanya vumbi la sahani kwa kidole, akalitia kwenye kikombe, akamimina maji, akanywa. Kisha akashika mkono wa sahani aichukue. Sikuiachia. Haukuwa ubishi, vidole vilikuwa vimeganda tu.

"Tarsis," akanong'ona, "wamekwisha."

Nikamwuliza kama Jumapili ijayo watakuja tena. Akasema watakuja. Wote? Wote, akasema, na wengine zaidi. Nikamwuliza anaungamisha lini. Jumamosi, saa tisa.

Nikaiachia sahani. Nilirudi kukaa kwenye benchi la nyuma, na wakati watu bado wako magotini nikawa nafikiri. Ngano huwa inaletwa duka la kaya Alhamisi, kwa hiyo niamke alfajiri nipange foleni, ya kwangu mwenyewe, na wale vikongwe wasioweza kusimama niwashikie nafasi. Ijumaa kuoka. Jumamosi kukata, halafu saa tisa niende kwa padre na mambo yangu yote ya miaka miwili, na katika kuungama nikifika kwenye jina la Polycarp nisiliruke.